Kifafa cha mimba si kifafa: historia ya ugonjwa uliojificha ndani ya kondo la nyuma



Kuna jina moja katika lugha yetu ambalo linanisumbua: kifafa cha mimba. Mwanamke mjamzito akianguka, macho yakageuka, mwili ukaanza kutetemeka, kila mtu ku mtaa anajua kusema kifafa. Na kifafa kwetu, si mnajua, hakiji peke yake. Kinakuja na mapepo, na mahari ambayo haijamalizika kulipwa, na mama mkwe ambaye mtu fulani alimuona akizunguka nyumba usiku. Mwaka jana nilikaa ku kilio kimoja usiku kucha nikiwasikiliza wazee wakitafuta nani alimroga marehemu. Alikuwa na miaka 19, mimba yake ya kwanza. Miguu na uso vilikuwa vimevimba wiki nzima, kichwa kilimuuma, alisema anaona kama nyota mbele ya macho. Hakuna aliyeuliza kama alipimwa tansio.

Mimi si munganga. Nina lisansi ya agronomi, kazi yangu ni udongo na kahawa. Lakini kutoka siku ile nilianza kusoma juu ya ugonjwa huu, na nikakuta historia ambayo ingepaswa kufundishwa hata kwetu sisi watu wa jembe. Ninaiandika juu naona ina jambo moja kubwa ndani yake. Ugonjwa huu unaanzia ku kondo la nyuma, ndani ya seli zake, wiki nyingi kabla mama hajasikia kitu chochote. Wasomi wa dunia walihitaji zaidi ya miaka 100 ili kulikubali hilo, na muda huo wote walikuwa wanaushambulia mwili wa mama.

Tuanze na jina. Hata Wazungu walikuwa na kosa kama letu. Wanganga wa zamani, tangu Wagiriki, waliandika kwamba mjamzito mwenye kuumwa kichwa kisha kutetemeka yuko ku hatari, lakini kwa miaka mingi sana waliyachanganya mambo hayo na kifafa cha kawaida. Mwaka 1739, Boissier de Sauvages wa Montpellier, Ufaransa, ndiye aliyetenganisha: kifafa ni ugonjwa wa kudumu, unarudi maisha yote, hii nyingine inakuja ghafla, na sababu yake ikiondoka nayo inaondoka. Aliiita eklampsia, neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kinachong'aa ghafla, kama radi. Ni jina zuri kwa ubaya wake. Kabla yake, François Mauriceau wa Paris, katika karne ya 17, alikuwa ameona kwamba wanaoshikwa zaidi ni wenye mimba ya kwanza. Yaani miaka zaidi ya 300 iliyopita mtu alikuwa ameshaona kwamba msichana wa mimba ya kwanza njo anapaswa kuchungwa zaidi.

Kisha ikaja ya mkojo. Miaka ya 1820 ku London, ku hospitali ya Guy's, Richard Bright alikuwa anaweka mkojo wa mgonjwa ndani ya kijiko na kuushika juu ya mshumaa. Mkojo wa mtu mwenye figo mbovu uliganda, ukawa mweupe kama ute wa yai ku sufuria. Ni albumini, proteini ambayo haipaswi kutoka ndani ya damu. Mwaka 1843, ku hospitali ileile, John Lever alipima mkojo wa wamama walioshikwa na mitetemeko na akaikuta albumini hiyo kwa wengi wao, wakati wajawazito wazima hawakuwa nayo. Kijiko na mshumaa! Nikifikiri vituo vya afya ambavyo leo vinasema vimekosa bandeleti za kupima mkojo, ninacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Tansio ilichelewa zaidi, kwa sababu chombo hakikuwepo. Riva-Rocci, Muitaliano, alitengeneza kitambaa cha kufunga ku mkono mwaka 1896. Mwaka mmoja baadaye, Vaquez na Nobécourt wa Paris wakaandika kwamba wamama wa eklampsia wana tansio ya juu sana. Hapo ndipo watu walielewa kwamba mitetemeko ni mwisho wa safari, si mwanzo wake. Kabla yake kuna hali ya kimyakimya, tansio inapanda na figo zinavuja, na mwanamke anaendelea kwenda ku shamba na ku soko. Hali hiyo njo inaitwa preeklampsia. Leo wanahesabu kwamba iko tansio ikifika 14 juu ya 9 baada ya wiki 20 za mimba, pamoja na proteini ku mkojo au alama ya kwamba kiungo fulani kinaumia: ini, figo, ubongo, damu yenyewe.

Sasa angalieni mtego. Figo ni za mama, na mishipa ya damu, ubongo na ini pia ni vya mama. Kwa hiyo kila munganga aliangalia mwili wa mama na kusema: ndani ya damu ya huyu mwanamke kuna sumu, tuitoe. Ugonjwa ukaitwa toksemia ya mimba, sumu ndani ya damu, na jina hilo lilibaki ndani ya vitabu mpaka karne ya 20 ikiwa imekwenda sana. Na ukishaamini kuna sumu, unajua utakachofanya. Walimkata mshipa, damu ikatoka, tena nyingi, mwanamke ambaye yuko karibu kuzaa na kupoteza damu nyingine. Walimpa dawa za kuharisha na za kutoa jasho. Wakati wa Vita vya kwanza vya dunia, wanganga wa Ujerumani waliona kwamba eklampsia imepungua, na kwa kuwa nyama na mafuta vilikuwa vimekosekana, wakasema: kumbe njaa inakinga! Wengine baadaye walisahihisha hesabu: wanaume walikuwa vitani, mimba za kwanza zilikuwa chache, na ugonjwa wa mimba ya kwanza hauwezi kuwa mwingi pale ambapo wanaoanza kuzaa ni wachache. Lakini wazo lilikuwa limeshatembea. Kwa miaka mingi wajawazito wa Ulaya na Marekani walinyimwa chumvi na kupunguziwa chakula, kisha wakapewa dawa za kukojoza maji, ili wasivimbe. Mimi niliyesoma takwimu ku fakulte ya agronomi, mfano huu ningeuweka ku ukurasa wa kwanza wa somo.

Tusiwe wakali kupita kiasi. Kulikuwa na wenye busara. Stroganoff wa Saint-Pétersbourg, karibu na mwaka 1900, aliacha kukata mishipa na kukimbilia kisu. Akamweka mgonjwa ndani ya chumba chenye giza na kimya, akampa dawa za kutuliza na kungojea. Vifo vilipungua kwake. Hakujua sababu ya ugonjwa, lakini alijua angalau kutoongeza madhara. Na Paul Zweifel wa Leipzig alisema wazi, mwaka 1916, kwamba huu ni ugonjwa wa nadharia: kila mmoja na yake. Ku Chicago, ku hospitali ya wazazi, walichonga ku ukuta majina ya wakubwa wa elimu ya uzazi, kisha wakaacha ngao moja tupu, bila jina, kwa yule atakayegundua chanzo cha eklampsia.

Na kumbe dalili ya kwanza ilikuwa imeshaonekana zamani. Mwaka 1893, Mjerumani mmoja anayeitwa Georg Schmorl, mtu wa kupasua maiti, alichapa kitabu juu ya wanawake 17 waliokufa kwa eklampsia. Ndani ya mapafu yao, chini ya mikroskopu, alikuta seli kubwa za ajabu, kila moja na viini vingi ndani yake. Mapafu hayana seli za namna ile, na mwili wa mama wote hauna. Zilitoka ku kondo la nyuma, zikaingia ndani ya damu, zikasafiri mpaka ku moyo na kukwama ku mishipa midogo ya mapafu. Mtu alikuwa ameshika kamba yenye kumpeleka mpaka ku mlango, mwaka 1893. Lakini watu wengi waliendelea kutafuta sumu kwingine.

Mwaka 1914, James Young, Mskoti, alisema kwamba sehemu za kondo zinazokufa kwa kukosa damu njo zinatoa kitu kibaya. Mwaka 1939, Ernest Page wa Marekani akaleta hoja ambayo kwangu ndiyo nzuri kuliko zote, juu haihitaji chombo chochote, inahitaji kufikiri tu. Kuna mimba fulani ya bahati mbaya ambapo mtoto hayupo kabisa. Tumbo linakua, lakini ndani kuna tishu ya kondo peke yake, imevimba kama shada la zabibu. Wanganga wanaiita mola. Na wamama wenye mola wanaweza kupata preeklampsia, tena mapema sana. Basi mtoto si lazima, kinachohitajika ni kondo. Ongezeni na lile ambalo kila mukunga anajua: ugonjwa unaanza kuondoka kondo likishatoka. Unaanza kuondoka, ninasema, kwa sababu mitetemeko inaweza kuja hata siku kadhaa baada ya kuzaa, na wamama wengi wanarudishwa nyumbani mapema mno.

Lakini kondo lina kosa gani? Hapa nitatumia lugha yangu ya shamba.

Ku masomo ya ufugaji tulifundishwa kwamba kondo la ng'ombe linashikamana na tumbo la uzazi kama vifungo ku shati. Linagusa tu, halichimbi. La binadamu linachimba. Seli zake za nje, ambazo zinaitwa trofoblasti, zinaingia ndani ya ukuta wa tumbo la uzazi kama mizizi, mpaka ndani ya mishipa ya damu ya mama. Mishipa hiyo ni midogo, imejisokota, na ina misuli yenye kuweza kuibana. Seli za kondo zinafika pale, zinaondoa misuli ile, zinapanua mdomo wa mshipa. Mfereji mwembamba unageuka kuwa bonde pana, damu inaingia nyingi, taratibu, bila nguvu. Kazi hiyo inafanyika sana sana katika nusu ya kwanza ya mimba, wakati mama anatapika asubuhi na bado hajapita hata CPN ya kwanza.

Aliyeonyesha hayo ni Mbelgiji, Ivo Brosens, pamoja na William Robertson na Geoffrey Dixon, ku London. Mwaka 1967 waliandika namna mishipa hiyo inavyobadilika katika mimba nzuri. Mwaka 1972 wakaandika juu ya preeklampsia: hapo seli zilichimba kidogo tu, zikasimama njiani. Mishipa imebaki myembamba, bado ina misuli yake, bado inaweza kubanwa. Yeyote aliyewahi kumwagilia kitalu anaelewa kinachofuata. Ukifungulia maji kwa bomba jembamba lenye nguvu, hayanyweshi mche, yanauchimbua. Damu inaingia ku kondo kwa kurukaruka, mara nyingi mara kidogo, na seli za kondo zinapata oksijeni, zinakosa, zinapata tena. Hali hiyo inaziumiza vibaya zaidi kuliko njaa ya kawaida.

Seli zinazoumia ziko wapi? Uso wote wa kondo unaogusa damu ya mama umefunikwa na ngozi moja tu, bila mpaka kati ya seli na seli, kama shuka moja lenye viini vingi mno. Mwisho wa mimba, ukilikunjua shuka hilo, lina ukubwa wa zaidi ya metre carré 10, sawa na chumba cha mwanafunzi. Afya ya shuka hilo njo afya ya mimba. Likiwa zima, linapitisha chakula na oksijeni na kuachilia ndani ya damu ya mama vipande vichache vilivyozeeka, bila fujo. Likiumia, vinu vyake vya nguvu, mitokondria, vinaharibika, proteini zinatengenezwa vibaya, na vipande vinabanduka kwa wingi. Vile vipande vya Schmorl vya mwaka 1893! Miaka karibu 100 baadaye, Christopher Redman na wenzake ku Oxford walivirudia na kusema ugonjwa una hatua mbili. Ya kwanza iko ku kondo, kimya, mama haisikii. Ya pili iko ku mwili wa mama, njo tunayoiona. Mwaka 1989 James Roberts na wenzake wa Marekani walikuwa wameonyesha kinachounganisha figo, ini na ubongo wa mama: ni ule utando mwembamba unaopaka mishipa yote ya damu kwa ndani. Utando huo ukiumia, mishipa inabana na kuvuja. Tansio inapanda, proteini inatoka, uso unavimba, yote kwa mara moja.

Ilibaki kujua barua inayotoka ku kondo kwenda ku mishipa ya mama imeandikwa nini. Mwaka 2003 kikundi cha Ananth Karumanchi ku Boston kiliisoma. Kondo lenye shida linatoa kwa wingi proteini moja, jina lake sFlt-1. Mishipa ya mama, ili ibaki mizima, inahitaji proteini nyingine za kuitunza, kama mbolea. Hiyo sFlt-1 inazunguka ndani ya damu na kuzishika zile za kutunza kabla hazijafika. Waliiweka ndani ya panya wenye mimba: tansio ikapanda, proteini ikatoka ku mkojo, figo zikaharibika sawa na za mwanamke mgonjwa. Mwaka uliofuata ilionekana kwamba ndani ya damu ya wamama inaanza kupanda karibu wiki 5 kabla ya ugonjwa kujionyesha. Miaka 110 kutoka Schmorl. Sumu ilikuwepo kweli, wazee wa toksemia hawakukosea yote. Walikosea tu nyumba inakotoka.

Njiani kulikuwa na vituko pia. Mwaka 1983 kikundi kimoja cha Chicago kilitangaza kwamba kimeona mdudu kama mnyoo ndani ya damu ya wagonjwa, kikamwita Hydatoxi lualba. Niliposoma jina hilo nilisimama, nikafikiri mto wetu Lualaba umeingia ndani ya mambo! Hapana. Na mdudu mwenyewe hakuwepo, ilikuwa uchafu wa namna ya kutayarisha damu ku kioo.

Lazima niseme pia kwamba hadithi ya mizizi iliyochimba kidogo haielezi kila mgonjwa. Inaeleza vizuri zaidi ugonjwa unaokuja mapema, kabla ya wiki 34, ule unaomnyima mtoto kukua. Unaokuja mwishoni, karibu na siku za kuzaa, mara nyingi unamkuta mama mwenye mapacha, au mwenye sukari, au mwenye tansio ya zamani, au mwenye uzito mkubwa. Hapo mishipa inaweza kuwa imefunguka sawasawa, lakini shuka lenyewe limezeeka au limeelemewa na kazi. Chanzo ni tofauti, ila seli zinazolia ni zilezile. Na jambo moja ninapenda kuwaambia wanaume wenzangu: kondo linatengenezwa na mimba yenyewe, nusu ya urithi wake unatoka kwa baba. Anayetaka lazima kumpata mwenye kosa ndani ya familia ya mke, aanze kwanza kujipima yeye.

Sasa nakuja ku sehemu ambayo inanihusu kabisa. Dawa inayozuia mitetemeko ni sulfate ya magnesium. Mlionisoma kutoka agronomi mmeshatabasamu. Ndiyo, ni chumvi ileile tunayopulizia ku kahawa majani ya chini yakigeuka manjano kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani. Magnesium iko katikati ya klorofili. Lakini naomba mtu asiende kuchukua mfuko wa mbolea. Ya hospitali ni safi na inapimwa kwa gramu, juu ikizidi inasimamisha pumzi. Munganga au mukunga anagonga goti la mgonjwa kuona kama mguu bado unaruka. Ukiacha kuruka, anasimamisha dawa. Na kizuizi chake ni gluconate ya calcium. Calcium dhidi ya magnesium, ugomvi uleule ambao profesa alituchorea ku ubao, hizo mbili zikigombania nafasi ku mzizi.

Mjerumani Horn aliijaribu kwa eklampsia mwaka 1906. Miaka ya 1920 Wamarekani walianza kuitumia sana. Ku Dallas, Jack Pritchard aliitumia miaka mingi, na mwaka 1984 alitoa hesabu: wagonjwa 245 wa eklampsia wakifuatana, mmoja tu alikufa. Lakini Uingereza na sehemu nyingi za dunia walibaki na diazepam na fenitoini, wakisema ile ya Wamarekani haina maelezo. Ilikuwa kweli, haikuwa na maelezo mazuri. Lakini ilikuwa inaponya. Ikachukua mpaka mwaka 1995 kufanya jaribio la haki, na wamama 1 687 wa nchi maskini na za kati: mitetemeko ilirudi kwa nusu tu ya ile ya diazepam, na kwa theluthi tu ya ile ya fenitoini. Mwaka 2002 jaribio lingine, wamama 10 141 katika nchi 33, lilionyesha kwamba ukiitoa kabla mitetemeko haijaanza unaikata kwa zaidi ya nusu. Kutoka 1906 mpaka 2002. Chumvi ya bei ya chini, isiyo na tajiri wa kuitangaza. OMS leo inahesabu kwamba preeklampsia na eklampsia zinaua wanawake karibu 46 000 kila mwaka duniani, na wengi sana wanakufa pale ambapo chumvi hiyo haikuwepo, au ilikuwepo na hakuna aliyejua kuidunga.

Inatibu mitetemeko, lakini haitibu kondo. Kondo lililoanza vibaya halirudishwi nyuma, dawa yake mpaka leo ni kulitoa, yaani kuzaa. Ndiyo maana watafiti wanaangalia mwanzo. Aspirini ndogo, ikianza kabla ya wiki 16 kwa mama mwenye hatari, inapunguza ugonjwa wa mapema. Jaribio la Ulaya la mwaka 2017 lilipata upungufu wa zaidi ya nusu kwa ule unaolazimisha kuzaa kabla ya wiki 37. Na hapa nchi yetu haikuwa mtazamaji. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya jaribio la wamama karibu 12 000 wa mimba ya kwanza katika nchi sita: India, Pakistan, Zambia, Kenya, Guatemala na Congo yetu. Kidonge kimoja cha aspirini ya miligramu 81 kila siku, kuanzia kati ya wiki ya 6 na ya 13, na watoto wa kuzaliwa kabla ya wakati walipungua kwa asilimia 11. Wamama wa kwetu walikunywa vidonge hivyo na kuhesabiwa. Ninashangaa kwamba nimekuja kulijua ndani ya jarida la Kiingereza. Aspirini yenyewe si ya kujinunulia ku famasi kwa kujiamulia, munganga anapima nani anaihitaji, lakini swali ni halali kuuliza ku CPN: na mimi, niko ku hatari?

Calcium nayo ina historia ya shambani. Mwaka 1980, José Belizán na José Villar waliandika juu ya wamama Wamaya wa Guatemala. Walikuwa maskini, chakula chao kidogo, na bado eklampsia ilikuwa haba kwao. Sababu waliyoifikiria ilikuwa ndani ya sufuria: Wamaya wanaloweka mahindi ndani ya maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa ni calcium. Kutoka hapo yalifuata majaribio mengi, na leo OMS inashauri gramu 1,5 mpaka 2 za calcium kila siku kwa wajawazito wa sehemu ambazo chakula hakina ya kutosha. Vidonge vikubwa, vingi, vizito kubeba mpaka ku kituo cha mbali. Mwaka 2024, majaribio mawili ya wamama 11 000 kila moja, moja India na lingine hapa jirani Tanzania, yalionyesha kwamba kwa kuzuia preeklampsia miligramu 500 kwa siku hazikuwa nyuma ya 1 500. Theluthi moja ya mzigo na ya bei.

Mahindi yetu hatuyaloweki ku chokaa. Tunayakoboa, tunayasaga, tunachanganya na muhogo, tunasonga bugali. Upande wa calcium bugali hilo halina kitu cha maana. Calcium ya sahani ya Kivu inatoka pembeni: ku sombe, ku maharagi kidogo, na zaidi ku sambaza, wale samaki wadogo wanaoliwa wazima na mifupa yao. Ku soko wanauzwa kwa kipimo, na kipimo kinapungua kila msimu. Chakula peke yake hakijapimwa kwa wajawazito namna vidonge vilivyopimwa, na sitasema sambaza ni dawa. Lakini kuhesabu calcium iliyo ndani ya sahani ya mjamzito wa kwetu, mwezi kwa mwezi, msimu wa mvua na wa kiangazi, hiyo haihitaji maabara ya Boston. Inahitaji mizani, daftari, na mtu aliyesoma udongo na mazao. Mimi nimeshanunua mizani.